Asante dereva wa semi, Ruaha Mbuyuni mpaka Ipogolo, Iringa

Kaka jina lako sikuuliza maana nilishachoka, ila kama unasoma hapa jua nakushukuru mno. Basi letu lilituharibikia jioni Ruaha Mbuyuni, nikapunga mkono weee magari yanapita tu, wewe ndo ukasimama na mzigo wako wa Tunduma, utingo akahamia kitandani nyuma ili mimi na mwanangu tupate siti. Mlima Kitonga tulipanda mdogomdogo, malori yanayoshuka yananuka breki, mtoto kalala zake mi nimeng'ang'ania mlango 😂. Saa 4 usiku umenishusha Ipogolo, nikatoa 10,000 ukaikataa eti mtoto anywe chai, na hukuondoka mpaka nikapata bodaboda. Vitunguu vyangu nimevisahau kwako, kula tu kaka.