Risala ya Wazazi na Walezi wa Watoto Wenye Shida ya Kula kwa Mgeni Rasmi, Newala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, mwalimu mkuu na walimu wa kitengo cha elimu maalumu, viongozi wetu wa dini, wazazi wenzetu na watoto wetu wapendwa, itifaki imezingatiwa.

Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa kupanda hadi Newala wakati minada ya korosho inaendelea na kila kiongozi anahitajika mahali pengine. Leo ni tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Siku kama ya leo husemwa mengi kuhusu viti vya magurudumu na vyoo vya shule, na vyote tunavihitaji. Sisi tumeomba nafasi hii tuseme juu ya sahani ya chakula.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kati yetu wamo wanaolea watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye usonji, waliozaliwa na mdomo sungura, na waliozaliwa njiti. Hali zao ni mbalimbali, lakini saa ya kula ndiyo iliyotukutanisha. Mlo ambao mtoto mwingine anaumaliza upesi akakimbilia mchezoni, kwetu unaweza kuchukua saa nzima, na nusu ya uji ikaishia kwenye nguo. Mama anayelisha hivyo mara tatu au nne kwa siku, atakwenda shamba saa ngapi?

Kumeza ni kazi kubwa kuliko tunavyoiona. Midomo ifunge, ulimi usukume chakula nyuma, njia ya hewa izibwe kwa wakati wake. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, misuli hiyo haifuatani. Ulimi hutoka nje na kukirudisha chakula, na anayetazama husema mtoto anadeka. Hadeki. Chakula kikipotea njia kikaingia mapafuni, mtoto hupata nimonia, akatibiwa, akapona, kisha ikarudi tena. Wapo wanaopaliwa na kukohoa, na wapo wasiokohoa kabisa. Hawa ndio wanaotutisha zaidi, kwa sababu dalili zao ni ndogo: sauti yenye majimaji baada ya kumeza, machozi kumtoka, pumzi kubadilika. Mama akifika zahanati na kusema mwanangu anakoroma akinywa maji, tunaomba asikilizwe. Ameyaona hayo kila siku.

Kwa hiyo tunasema wazi juu ya desturi ya kumlaza mtoto chali mapajani, kumnywesha uji kwa kiganja na hata kumbana pua ili ameze. Bibi zetu tunawaheshimu, na nia yao ilikuwa mtoto ashibe. Lakini kwa watoto hawa desturi hiyo inaua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tiba ya ulaji tunayofundishwa na wataalamu wa utengamao, wanaomsaidia mwenye ulemavu kumudu shughuli zake, haihitaji mashine. Inaanza na namna ya kukaa. Baada ya risala hii utamwona mama mmoja akimlisha mwanawe, naye amekubali mtu yeyote asogee atazame. Mtoto ataketi kwenye kiti alichotengenezewa na fundi seremala wa hapa hapa: mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga ubao, na mkanda wa kitambaa kiunoni. Mama atakaa mbele yake, macho kwa macho, wala hatasimama juu yake, maana mtoto akiinua uso kumtazama, shingo huenda nyuma na njia ya hewa hubaki wazi. Kidevu kinatakiwa kiinamie chini kidogo. Kijiko ni cha plastiki, kidogo na bapa, kwa kuwa cha chuma mtoto akikiuma ghafla kinamuumiza meno. Uji unajaa nusu ya kijiko tu. Kijiko kinaingia kwa usawa, kinagandamiza ulimi taratibu, midomo inafunga, kinatoka. Hapo mama anasubiri. Anaangalia koo lipande na kushuka, ndipo anachota tena. Akimaliza kula, mtoto hubaki ameketi wima kwa nusu saa au zaidi kabla ya kulazwa.

Uji wenyewe huwa mzito, kwa sababu kitu chepesi kama maji hukimbia kooni kabla mtoto hajajiandaa. Na kwa kuwa anakula kidogo, kidogo hicho lazima kishibishe: tui la nazi, ufuta uliosagwa, korosho iliyosagwa ikawa laini kabisa, maana kipande kinaweza kumkaba. Inatuuma kuona korosho inajaa maghalani wakati mtoto aliyedhoofika ndani ya nyumba ya mkulima wa korosho hiyo hiyo anapewa uji mtupu wa muhogo.

Wenye usonji wana njia yao. Yupo anayekula wali mweupe peke yake, na samaki akigusa wali, sahani nzima inatupwa. Huyo halazimishwi. Samaki huwekwa pembeni leo, kesho na keshokutwa, aone, anuse, aguse, na huenda ikapita mara 10 na zaidi kabla hajaonja. Waliozaliwa na mdomo sungura hunyonyeshwa wakiwa wameinuliwa ili maziwa yasitokee puani, na wapelekwe mapema kwa madaktari wa upasuaji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tatizo letu kubwa ni umbali wa mtaalamu. Kushuka Mtwara mjini na mtoto asiyeweza kukaa, ndani ya basi lililojaa, ni safari inayowakatisha tamaa wengi wakaacha tiba njiani. Tunaomba mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayefundisha shughuli za kila siku kama kula, apangiwe kuja hapa wilayani kwa siku inayojulikana, kama kliniki ya mama na mtoto inavyojulikana. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wafundishwe dalili tulizozitaja, maana wao ndio wanaoingia majumbani, na baadhi ya watoto hawa bado wamefichwa ndani. Tunaomba pia tuelekezwe namna walezi wanavyoweza kunufaika na ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, ili mafundi wetu watengeneze viti vingi zaidi.

Akina baba na wajomba mliopo hapa, kulisha mnakuweza. Njooni mjifunze.

Ombi la mwisho linahusu shule hii. Kengele ya chakula cha mchana hulia mara mbili, na ya pili huwakuta watoto wetu wakiwa na vijiko vichache tu tumboni. Tunaomba kitengo cha elimu maalumu kiruhusiwe kuwa na muda wake wa kula, pamoja na msaidizi mmoja aliyefundishwa kulisha. Tutashukuru tukipata jibu kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Tunaomba kuwasilisha.