Barua kwa Barasa kuhusu ile kazi ya ukocha

Barasa ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka Bloomington, huku Indiana, Marekani. Sisi huku wazima, watoto wamefungua shule na baridi bado haijaanza kuuma. Natumaini Mama Neema hajambo na mguu wa mzee unaendelea kupona. Basi, salamu zimetosha, maana ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikaurudia na nina mengi ya kukuambia.

Chukua hiyo kazi. Natanguliza jibu ili usisome barua nzima moyo ukiwa juu. Mwalimu anastaafu, chuo chetu wenyewe kimekuita ushike timu yake, na wewe hulali kwa sababu Juma amesema watu watadai umerudi nyumbani kwa kukosa pa kwenda? Juma alisema vivyo hivyo Cheruiyot alipofungua duka, na leo anakopa unga wapi?

Hebu nikueleze habari za kocha wa hapa. Jina la Indiana umelisikia tangu tuko wadogo, kwa sababu ya madaktari wao wanaokuja Eldoret, ule ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi ulioanza 1989. Lakini katika mji huu chuo kikuu chao kinajivunia pia kandanda, na aliyeijenga ni Mzee Jerry Yeagley. Alikuja 1963. Kwa miaka kumi vijana wake walicheza kama klabu tu, mpaka 1973 chuo kilipokubali kuwatambua kama timu kamili. Baada ya hapo akaleta ubingwa wa vyuo vya Marekani nzima mara sita. Ule wa mwisho ulikuwa Desemba 2003, mechi yake ya mwisho kabisa kama kocha: 2-1 dhidi ya St. John's, akang'atuka akiwa bingwa.

Kocha wa sasa ni mwanawe, Todd. Sasa jiweke mahali pake, halafu uniambie nani anaishi kwenye kivuli kikubwa, wewe au yeye.

Todd alisoma hapa hapa na kucheza chini ya babake, 1991 hadi 1994. Mwaka wake wa mwisho walifika fainali, Virginia wakawafunga 1-0. Akaenda kucheza klabu ya Columbus Crew tangu MLS, ligi ya kulipwa ya Marekani, ilipoanza 1996, akadumu mpaka 2002, kisha akarudi kuwa msaidizi. Baba alipostaafu, kiti hakikwenda kwa mwana! Alipewa Mike Freitag, naye pia mchezaji wa zamani wa Indiana, na 2004 akabeba kombe mara moja. Todd akaendelea kuwa msaidizi. Mwaka 2009 akaenda kuwa kocha mkuu Wisconsin kwa msimu mmoja, ndipo Indiana wakamwita. Tangu msimu wa 2010 timu iko mikononi mwake.

Unaona kwa nini nakuandikia haya? Hakuokota kazi mezani kwa baba. Alisubiri, akaenda kufundisha kwa wengine, akarudi akiwa mtu mzima. Na wewe je? Miaka yote ile Kakamega, ukilea vijana wa watu kwa mshahara uliokuja ukijisikia, ilikuwa kukosa pa kwenda? Ile ilikuwa shule yako ya ukocha, Barasa. Mwambie Juma hivyo.

Mwaka 2012 Todd aliingia kwenye mashindano timu yake ikiwekwa nafasi ya 16. Wakafika fainali kule Hoover, Alabama, wakawafunga Georgetown 1-0, bao la Nikita Kotlov. Kombe la nane la chuo, la kwanza lake.

Lakini si kombe hilo linalonifanya nimheshimu. Ni fainali alizopoteza. Mwaka 2017 walicheza msimu mzima bila kufungwa, na mechi pekee waliyopoteza ikawa fainali yenyewe, Stanford wakiwapiga 1-0 katika muda wa nyongeza. Fainali ya msimu wa 2020, iliyosogezwa hadi Mei 2021 kwa sababu ya korona, Marshall wakawafanya vile vile, 1-0, muda wa nyongeza. Ya 2022 nilitazama na wale vijana wa Kikongo ninaocheza nao Jumapili: 2-2 na Syracuse, kisha mikwaju ya penalti, 7-6. Kuna aliyevua fulana akatoka nje bila kuaga. Wewe shabiki wa Ingwe, AFC Leopards, ambao ubingwa wa ligi mliuona mara ya mwisho 1998, huna haja ya kuelezwa.

Ukihesabu ile ya 1994, hizo ni fainali nne amepoteza akiwa upande ule ule. Kocha wa kuajiriwa akishindwa, anapoteza mechi. Aliyesoma pale anapoteza mechi na bado anakutana sokoni na mwalimu aliyemfundisha, na mtu aliyecheza naye, na mama aliyempikia bwenini. Hilo ndilo nataka ulijue kabla hujatia sahihi, kwa sababu wewe huumia upesi na huwa husemi. Watakaokuhukumu vikali zaidi ni wale wanaokipenda chuo. Ukiweza kuwapenda siku hiyo pia, kazi ni yako. Mimi naamini unaweza.

Halafu vijana wa chuo hawakai. Miaka minne, wengine pungufu, wanaondoka. Andrew Gutman aliondoka hapa na tuzo ya mchezaji bora wa vyuo ya 2018, na Agosti iliyofuata Todd alianza na wengine. Usikubali wakudai kombe mwaka wa kwanza. Dai muda, dai mipira, dai basi la uhakika. Yale ya kwenda Kitale kwa lori yasirudiwe. Na kuhusu Otieno na zile jezi... hapana, hilo tutaongea kwa simu.

Sasa nijibu. Umeketi na Mwalimu mwenyewe, au unasikia ya watu tu? Mkataba ni wa miaka mingapi? Wanalipa kwa mwezi au kwa msimu? Msaidizi utachagua wewe au watakupa? Kiwanja bado kina ule mteremko upande wa jikoni? Mama Neema anasemaje, maana yeye ndiye atakayebaki na watoto kila Jumamosi? Na Neema anavaa viatu namba ngapi siku hizi? Kuna mtu anasafiri mwezi ujao.

Nipigie kabla hujaonana na mkuu wa chuo, hata ikiwa usiku wa manane huku.

Nduguyo,
Kibet