Barua ya wazi kwa manahodha na mabaharia wa boti za Ziwa Nyasa

Wanangu mnaobeba abiria kati ya Matema, Ikombe na vijiji vya mwambao wa Ludewa, nawasalimu.

Nawaandikia nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Jumamosi iliyopita, soko la Lyulilo likiwa limechangamka, nilimkuta kijana amechuchumaa ubavuni mwa boti, akiupandisha kwa brashi ule mstari mweupe unaoonyesha mwisho wa kupakia. Aliuweka shubiri nzima juu ya ule wa zamani, ambao bado ulionekana chini ya rangi mbichi. Nilipomwuliza, alinijibu kwa heshima zote kwamba tajiri ndiye aliyeagiza, maana mstari wa zamani ulikuwa unamla faida.

Mstari huo haukubuniwa kumkomoa tajiri. Uingereza iliulazimisha kwa sheria mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kuwapigia kelele wenye meli waliojaza shehena kupita kiasi huku mabaharia wakifa. Ule ubavu unaobaki juu ya maji ndio unaoiinua boti inapolazwa na wimbi. Mkiumaliza kwa magunia ya mchele na vyungu, kisha abiria wakakimbilia upande mmoja kwa hofu, boti hairudi tena. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoidhinishwa kubeba watu 101, kilijazwa kupita kiasi kikapinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kinakaribia Kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafa. Msiseme hayo ni ya Ziwa Victoria, kwani mwaka 1946 meli ya MV Vipya, ikiwa bado mpya, ilipinduka katika dhoruba kwenye ziwa hili hili tunalolinywa, ikaondoka na watu 145.

Mengine mnayajua, nayataja tu: majina ya abiria yaandikwe kabla ya kung'oa nanga, jaketi okozi zivaliwe, zisifungwe robota chini ya turubai, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisikilizwe, hasa miezi ya upepo wa mwera, na anayeshika usukani asiwe amekunywa.

Najua lawama si yenu peke yenu. Watu wa vijiji vilivyobanwa kati ya ziwa na Milima ya Livingstone hupanda boti iliyojaa kwa sababu barabara hawana, na sisi wakubwa tumezoea kuwahi msibani na rambirambi, ilhali siku za kawaida hakuna anayeshuka ufukweni kukagua. Aibu hiyo ni yetu.

Nanyi kina mama wa vyungu, mwulizeni nahodha boti yake imeidhinishwa kubeba watu wangapi, mkajihesabu wenyewe kabla haijasukumwa majini. Akiwajibu kwa ukali, teremsheni vyungu vyenu, mshuke, na mdai nauli yenu yote.