Salim, nisaidie na mkataba wa kichwa cha treni

Salim ndugu yangu,

Salaam aleikum. Sisi wazima, ila baridi. Mama watoto anakusalimu. Habari za Bi Zuhura nimezipata kwa Kombo; mpe pole, nitampigia Ijumaa baada ya swala.

Sasa nisikilize, maana wakili nimjuaye ni wewe tu. Kile kichwa cha mvuke nilichokutumia picha, ukaniuliza kama tunauza vyuma chakavu, si mali ya reli ninayojitolea. Kina wenyewe: walimu wastaafu, fundi bomba mmoja, na mjane aliyerithi hisa za mumewe. Wanataka ninunue hisa, halafu niwe katibu wao. Hisa sina neno nayo. Ukatibu ndio unaoninyima usingizi.

Huku Uingereza mambo ya reli za zamani ndivyo yalivyo. Mvuke ulipoondolewa kwenye reli ya serikali mwaka 1968, vichwa vingi vilikwenda kukatwa. Kule Barry, Wales, mwenye yadi ya vyuma chakavu, Dai Woodham, alijishughulisha zaidi na kukata mabehewa, vichwa akaviacha vikiota kutu, watu wakapata muda wa kuchangishana. Vikaokolewa 213. Ndiyo maana unakuta reli ina njia na stesheni zake, lakini kichwa kinachovuta watalii ni cha watu wengine.

Mwenye matatu hungoja hesabu yake kila jioni, sivyo? Huku mwenye kichwa hulipwa kwa siku ambayo moto umewashwa. Kikilala, hakuna kitu. Na cheti cha boila kwa kawaida ni miaka 10. Kikiisha, hata kichwa king'ae vipi, hakiwashwi mpaka boila ishushwe, mabomba yang'olewe na mkaguzi aridhike. Kazi hiyo inaweza kumeza mamia ya maelfu ya pauni. Cheti chetu (umeona, nimeshaanza kusema chetu!) kinaelekea ukingoni.

Mkataba wenyewe, kati ya wenye kichwa na reli, ni kurasa mbili, umeandikwa na watu waliokuwa wakipendana. Matengenezo madogo ni ya reli, makubwa ni ya wenyewe. Haya, bomba likivuja katikati ya msimu, hilo ni dogo au kubwa? Tena hausemi kichwa kitaingia karakana lini, na foleni ya karakana ni ndefu. Mwenyekiti wetu kila mkutano anatishia kukipakia kwenye lori tuhamie reli nyingine. Namwambia huko nako kuna foleni, na lori tutalilipia sisi.

Reli nao wanalia na makaa. Mgodi wa Ffos-y-Fran ulifungwa 2023, sasa yanatoka ng'ambo. Malipo hawawezi kuongeza, wanasema. Nawaamini, nusu.

Mama watoto amesoma habari za Alan Pegler, aliyenunua kichwa cha mvuke maarufu, Flying Scotsman, mwaka 1963 kwa pauni 3,000, akaipeleka Marekani 1969, na kufikia 1972 amefilisika. Tangu hapo nyumbani naitwa Pegler.

Rai yangu: tuwaongezee reli miaka, wao watuandikie tarehe ya karakana, na sehemu ya malipo ya kila siku iingie akaunti ya boila asiyoweza kuigusa mtu peke yake. Mwenyekiti anasema nimenunuliwa kwa ovaroli. Lakini bila tarehe iliyoandikwa, hata tukihama mara tatu tutarudi kwenye ugomvi uleule.

Akaunti ya namna hiyo huandikwaje? Kichwa kikikaa kwenye njia yao miaka bila moto, wanaweza kutudai kodi? Kikimwunguza mtu, anashtakiwa nani, mwenye kichwa au mwenye reli? Yule mjane akifa, hisa zinagawanywaje? Sheria ni za huku, najua, lakini jicho lako nalihitaji. Na mzee wako, muulize: enzi zake kwenye Garratt, vile vichwa vikubwa vya mvuke, boila ikileta matata kabla ya Voi, lawama alibeba dereva au karakana? Kombo je, amekulipa?

Mkutano ni Jumapili ijayo. Usinitumie sauti ya nusu saa, andika.

Nduguyo,
Hamisi