Shukrani kwa fundi wa mlango wangu wa vioo viwili

Fundi wangu, ulikataa nikutaje jina. Sawa, ila asante hii naitoa hadharani.

Mlango wangu wa vioo viwili uligoma kujifunga usiku. Nilikuwa nimeukazania mkono wa kitasa hadi ukalegea, na mwenzako mmoja alishaniambia ninunue mlango mzima. Wewe uliuacha wazi, ukanyanyua mkono wa kitasa: ndoano zote, zile zinazoingia kwenye fremu kuufunga mlango, zikatoka bila shida. "Kitasa kizima hiki. Mlango ndio umeshuka." Ukanionyesha mkwaruzo kwenye bamba la fremu, chini kidogo ya tundu la ndoano. Ukazungusha skrubu ya bawaba robo mzunguko, ukajaribu, ukaongeza robo nyingine. Mkono uliolegea ukaubadilisha, lakini kwanza ukapima umbali kati ya matundu ya skrubu ili mpya ukae palepale. Chupa yangu ya mafuta ya kupikia niliyotaka kulainishia kitasa (msinicheke) ukaniomba niirudishe jikoni, maana yananasa vumbi.

Nilishakubali kulipia kitasa kipya. Hukuchukua pesa hiyo. Nanyi ambao mlango unawasumbua, jaribuni kitasa mlango ukiwa wazi kabla hamjanunua chochote.