Mstari wa toni upimwe kwa sauti ya mwanafunzi

Mhariri,

Programu za uhalisia ulioongezwa, zile zinazochora toni za Kichina (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno) kama mstari mbele ya uso wa mwanafunzi kupitia kamera ya simu, zinasifiwa sana. Sisi tunaofundisha matamshi ya Kichina hatuzipingi. Tunaomba tu watengenezaji warekebishe mambo yanayowapotosha wanafunzi.

Toni haina hezi maalumu, yaani idadi maalumu ya mitetemo ya sauti kwa sekunde. Mizani ya toni ya mwanaisimu Yuen Ren Chao ya mwaka 1930 ina ngazi 5, kutoka chini hadi juu, na ngazi hizo ni za msemaji mwenyewe. Mwenye sauti nzito akilazimishwa kufuata mstari wa mwenye sauti nyembamba, atapiga kelele tu. Kwanza mwanafunzi aongee kawaida kwa nusu dakika, programu ijue sauti yake inaanzia wapi na kuishia wapi, ndipo ichore.

Shida kubwa ni toni ya 3, ile ya chini. Sauti ikishuka sana hukwaruza, na kipimo huweza kusoma hezi 90 kama 180. Mstari unaruka juu ghafla, mwanafunzi anaambiwa amekosea ilhali ametamka sawasawa! Pasipo uhakika, bora programu iache pengo. Hata s na t hukata mstari, kwani nyuzi za sauti hazitetemi. Hilo si kosa.

Tena mstari usifungwe usoni. Wengi huinua kidevu wanapopandisha toni, na mstari nao unapanda hata kama sauti imebaki palepale. Ufungwe ukutani au mezani.

Mazoezi yawe ya maneno ya silabi mbili. Chukua lǎoshī, yaani mwalimu: silabi ya kwanza iko chini, ya pili juu na haiyumbi. Sisi Waswahili tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunainua lǎo na kuiangusha shī. Hapo mstari unasaidia kweli, maana sikio letu halilioni kosa hilo upesi.

Ila mstari uonekane baada ya kutamka. Sauti ya hezi 75 huhitaji milisekunde 40 ili mitetemo 3 ipimwe, hivyo mchoro daima uko nyuma ya mdomo, na anayeukimbiza huyumbisha toni. Mwanafunzi asikilize mara tatu kwa spika za masikioni, atamke, kisha atazame. Raundi ya mwisho aifanye bila mstari kabisa.

Walimu wa matamshi ya Kichina