Msikate maelezo ya picha

Mhariri,

Kila yanapotokea mafuriko au ukame, magazeti yetu huchapa picha ya mtoto aliyekonda au mama aliyekaa juu ya paa, na chini yake maneno matatu: "Waathirika wa maafa." Ni nani? Wapi? Lini? Msomaji haambiwi. Mara nyingi mpigapicha aliyaandika yote hayo, yakakatwa mezani kwenu kwa kukosa nafasi.

Hasara yake tuitazame katika picha ambayo wengi wanaikumbuka, ile aliyoipiga Kevin Carter, mpigapicha wa Afrika Kusini, huko Ayod, kusini mwa Sudan, Machi 1993: mtoto amejiinamia chini, tumbusi ametua nyuma yake. Gazeti la Marekani la New York Times lilipoichapa tarehe 26 mwezi huo, wasomaji walipiga simu kuuliza mtoto yule aliishia wapi, na gazeti likalazimika kutoa taarifa kwamba halijui kama alifika kwenye kituo cha lishe. Mwaka uliofuata picha ikapata tuzo ya Pulitzer. Kwa miaka mingi watu walisema ni msichana. Waandishi wa gazeti la El Mundo la Hispania walipofika Ayod mwaka 2011, baba yake aliwaeleza kuwa alikuwa mvulana, kwamba njaa ile aliipona, na kwamba alifariki miaka kama minne kabla ya wao kufika. Lawama alizotupiwa Carter kwamba hakumsaidia mtoto hatuziingilii. Ila tazameni mkono wa mtoto: amevaa bangili ya plastiki ya kituo cha lishe yenye alama T3. Alikuwa ameshaandikishwa! Mstari mmoja ungetosha kulisema hilo.

Maelezo ya namna hiyo hayatungwi ofisini. Kabla ya kupiga, saa ya kamera irekebishwe ifuate saa ya mahali. Mkalimani wa kuombea ridhaa asiwe mgawa chakula wala askari wa kambi, maana anayesubiri unga hawezi kumkatalia aliyeushika. Mtu aambiwe wazi kwamba picha yake itaonekana hata kwenye simu za nchi aliyoikimbia. Kwa mtoto, aulizwe mzazi au mlezi. Akishapigwa picha, jina liandikwe kwenye daftari na ukurasa huo upigwe picha papo hapo, ufuatane na sura yake kwenye kadi ya kamera. Mpigapicha anayengoja mpaka amalize watu ishirini huchanganya majina, na usiku hana wa kumuuliza. Jioni hiyohiyo maelezo yaingizwe ndani ya faili lenyewe la picha.

WhatsApp ndiyo inayoyamaliza. Ikitumwa kama picha ya kawaida, hubanwa na maelezo ya ndani hufutika. Itumwe kama hati ("Document"). Nanyi mkiipokea, msiihifadhi kwa jina la "njaa 1". Faili la jina hilo ndilo huibuka miaka mitatu baadaye likapamba habari ya ukame wa wilaya nyingine kabisa.

Wapo ambao jina halifai kuchapwa: mkimbizi anayewindwa, mwanamke aliyebakwa, mtoto aliyeingizwa vitani. Utepe mweusi juu ya macho haumfichi mtu. Majirani humtambua kwa kanga, kovu, hata mlango wa nyumba. Apigwe picha kwa nyuma, au awe kati ya kamera na dirisha aonekane kivuli tu, na simu izimwe kipengele cha kurekodi mahali. Jina likibadilishwa, gazeti liseme kuwa limebadilishwa.

Tunachoomba ni mistari miwili: jina au sababu ya kulificha, kijiji, tarehe, na anachokifanya mtu huyo. Picha ya zamani iandikwe "Maktaba" pamoja na mwaka wake. Nafasi ikibana, juu ya vichwa vya watu mara nyingi kuna mawingu ya kutosha kukatwa.

Wapigapicha wa habari za misaada,
Kigoma